Chumvi ya Shemasi

Shemasi alikuwa na mchezo mmoja ulionichefua kuliko yote. Akiona kuvu mahali, iwe ukutani, kwenye pipa, au nyuma ya friji ya mtu aliyemwalika chakula, aliipitishia kidole, akakipeleka puani, akavuta pumzi taratibu huku amefumba macho kama anayenusa mchuzi. Halafu alijipangusa kwenye suruali na kumega ugali kwa mkono ule ule. Na hayo aliyafanya baada ya kunawa, si kabla. Nimekaa naye meza moja mara nyingi sana na sikuwahi kuzoea. Nilikuwa nageuza uso na kusingizia mafua.

Nina kinyaa, nakubali. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, foleni ya maji asubuhi na foleni ya choo mchana kutwa, na badala ya kunifanya sugu, maisha yale yalinifanya mtu wa kunawanawa. Kazini waliniita Bwana Sabuni. Kwa hiyo mtu akisema namwonea Shemasi, huenda ana haki kidogo. Kidogo tu.

Alikuwa Mkongomani wa Kivu, mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa, shemasi wa kanisa letu pale Louisville, Marekani, ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina. Riziki yake ilikuwa ghala la wiski. Ghala lenyewe ni jengo la ghorofa saba, la mbao na bati, na ndani mapipa ya mwaloni yamelala kwenye rafu kutoka sakafuni hadi darini, maelfu, yakingoja miaka yao itimie. Sisi hatukupika wiski. Kazi yetu ilikuwa kuitunzia hewa. Ghorofa za juu hupata joto na kukauka, mbao za pipa zinasinyaa, pipa linavuja. Chini ni baridi na majimaji, pete za chuma zinaota kutu na kuvu inapanda. Basi kutwa ni kufungua madirisha upande huu na kufunga upande ule, kunyunyizia maji sakafu ya udongo, kuhamisha mafeni. Supavaiza alikuwa ametundika kipima unyevu cha betri kila ghorofa. Shemasi yeye alikuwa na chumvi.

Si chumvi ya mezani. Ile ya Marekani aliidharau. "Hii banaitia dawa isilie," alisema, yaani isitoe maji. Alitaka chumvi ya mawe, ya kijivu, aliyoinunua duka la Wakongomani na kuitwanga mwenyewe. Kila jioni kabla ya kutoka kazini aliweka kijiko kimoja kwenye kisahani, kisahani kimoja kila ghorofa, vyote vya maua tofauti kwa sababu aliviokota kwenye maduka ya mitumba. Asubuhi alipanda ngazi kuvisoma. Chumvi ikimwagika kama mchanga, hewa ni kavu mno. Ikishikana, hewa ni nzuri. Ikiwa imegeuka maji, kuvu imekwisha kuanza hata kama macho hayajaiona. Elimu hiyo aliitoa kwenye depo ya kahawa kule kwao, ambako kosa la hewa lilimaanisha magunia kuoza.

Msimu wa mvua za machipuko, kipima unyevu cha ghorofa ya pili kilisema kwa wiki mbili kwamba kila kitu kiko sawa. Kisahani kilikuwa maji matupu. Shemasi akanituma nimwambie supavaiza, maana Kiingereza changu kilikuwa afadhali. Supavaiza alimwonyesha namba kwenye kioo, akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto aliyekuletea jani.

"Bon," Shemasi akasema. "Tutaona asubuhi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake. Umemwuliza kama basi litakuja, tutaona asubuhi. Vijana wanataka kuoana, tutaona asubuhi. Kesho yake tulivuta mapipa ya kona ya nyuma, kumbe mashine ilitundikwa mbele ya feni na ilikuwa inapima upepo wa feni tu. Yale mapipa yalikuwa yameota manyoya tumboni, ya kijivu, yenye utelezi, yananuka kama soksi zilizosahauliwa ndani ya ndoo. Mimi nilivaa glavu mbili kila mkono na bado nilitapika nje karibu na ngazi. Shemasi aliyapapasa kwa kiganja kitupu, akanusa, akacheka kwa furaha. Tangu siku hiyo supavaiza hakugusa dirisha bila kumwuliza.

Jumapili mtu huyo huyo alisimama mbele ya kanisa akaichana pombe vipande vipande. Aliyekuja na harufu ya bia aliketishwa kiti cha nyuma karibu na mlango. Lakini yeye mwenyewe alinukia wiski kuanzia kola hadi soksi, tena wiski ya mbao mbichi na uozo, harufu isiyotoka kwa sabuni, na watoto waliokaa karibu naye walibana pua. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Shemasi, wewe unanuka kama baa."

"Harufu haiko zambi," akanijibu bila kukasirika. "Mi sijaonja hata tone. Mi niko nachunga hewa, sichungi pombe."

Na ni kweli, hakuonja. Alipoteza hasira mara moja tu. Supavaiza alikuwa akiwaambia wageni kwamba kila mwaka sehemu ya wiski hupenya kwenye mbao na kupotea hewani, na kwamba hilo ndilo fungu la malaika. Nilipowatafsiria wenzangu, Shemasi akatupa mpira wa maji chini. "Umwambie malaika hanywi! Umwambie atoke inje, aone kwa ukuta ni nani iko nakunywa!"

Alikuwa anasema kweli. Mvuke ule unalisha kuvu nyeusi, na kuvu ile ilipaka kila kitu kilichokuwa karibu na ghala: miti, alama za barabarani, magari yaliyokaa siku nyingi, paa za watu. Ukiegemea mti unabeba masizi mgongoni. Nyumba yetu ilipakana na uzio wa ghala, na upande ule ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Nyumba hiyo tulitafutiwa na Shemasi. Tulifika Louisville mwaka 2014, mimi, Mama Riziki, na binti yetu Riziki wa miaka minne. Lazima niseme ukweli, Shemasi alitupokea vizuri. Alikuja uwanja wa ndege na makoti matatu, na lile la Riziki lilimtosha kabisa. Nyumbani tulikuta mapazia yametundikwa, kitanda cha mtoto kimetandikwa, sufuria ya maharagwe ya moto jikoni. Alikwisha kuongea na supavaiza, na Jumatatu yake nikaanza kazi, kwa miguu, dakika sita. Mama Riziki alilia kwa shukrani. Mimi pia nilimwombea.

Kisha tukaanza kuishi humo. Ukikanyaga zulia la chumba cha mtoto kwa soksi, soksi inalowa. Ukuta wa kitandani kwake ulikuwa unatoka jasho. Asubuhi unakuta michirizi imeteremka hadi kwenye mto. Kitenge cha harusi cha Mama Riziki kiliota ukijani kabatini. Viatu vyangu vya kanisani vilifuga ndevu. Nilisugua kwa dawa mpaka vidole vikababuka, na kila Jumamosi ilikuwa imerudi ile ile, madoa meusi yenye ute, kona zote. Nilikula nikiwa na hisia kwamba ninaimeza.

Riziki akaanza kukohoa, halafu kifua kikaanza kupiga filimbi. Alikuwa akikimbia hatua kumi anasimama, mabega yanapanda na kushuka, macho yametutoka sisi zaidi kuliko yeye. Daktari alisema ni pumu. Akatupa dawa ya kuvuta na akasema mtoto asilale tena mahali penye unyevu. Nikaona ni neema kwamba namjua mtu anayeuelewa unyevu kuliko mashine. Nikamfuata Shemasi ghorofa ya tano.

"Shemasi, ukuta wa chumba cha mtoto unatoka maji."

"Mupanguse na javel, ile dawa ya madoa."

"Tumepangusa. Daktari anasema pumu. Anasema tuhame."

Alikuwa ameweka sikio kwenye pipa, anasikiliza kama linavuja. Hakulitoa. "Mufungue madirisha. Mutoto atazoea," akasema. "Tutamuombea."

Wiki ile ile joto lilipanda na pipa moja la ghorofa ya sita likapasuka ubao. Nilimkuta Shemasi amepiga magoti, anachomeka vipande vya mbao na majani makavu kwenye ufa kwa kidole gumba, machozi yanamtoka. "Masikini," alikuwa analiambia. "Masikini wee, ilikukausha sana." Nilisimama pale na ndoo yangu nikachukizwa kuliko siku ile ya manyoya kwenye mapipa. Mzee mzima analilia pipa la kitu anachokiita cha Shetani, na umbali wa dakika sita mtoto anavuta hewa kwa mabega. Sikumsaidia. Niliteremka nikamwacha na pipa lake, na kuanzia hapo nilimwamkia kwa sababu ya umri wake tu.

Tulihama tukiwa tumekaa Louisville miezi minane. Binamu yangu alikuwa Columbus, mtaa wa Linden, na alitupatia chumba kwake kwanza, chumba kidogo lakini kikavu, zulia halijawahi kulowa. Miezi miwili na filimbi ikanyamaza kifuani mwa Riziki. Nilipata kazi kwenye ghala la vifurushi, mahali pasipo harufu yoyote isipokuwa maboksi, na nilifurahi kama mtu aliyetolewa shimoni. Dawa ya kuvuta tuliendelea kubeba kwenye mkoba, ila ikawa inakaa tu.

Miaka ikapita, nami bila kutaka sana nikawa ndiye mtu wa kupokea wageni. Mrundi au Mkongomani akitarajiwa, simu ni yangu. Kanisa moja la mtaa wa Clintonville lilitupatia makochi na vitanda, mimi nikavibeba. Meneja wangu akawa ananiuliza, "Una watu wengine wa kazi?" na mara nyingi nilikuwa nao. Mwaka 2017, siku chache kabla ya safari ya Buffalo ninayotaka kuieleza, nilipata nyumba Linden kwa familia ya watu watano, mtoto wa mwisho ana miezi mitatu. Karibu na basi la kwenda kazini, funguo nikapewa mkononi. Besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, ilinuka. Nilishuka ngazi tatu nikapanda haraka.

"Ikoje?" Mama Riziki akaniuliza.

"Nzuri. Ina harufu kidogo. Wakifungua madirisha watazoea."

Akanitazama, akaendelea kukunja nguo.

Buffalo tulienda kwenye harusi ya kijana tuliyekaa naye Louisville. Mama Riziki alibaki kazini kwake kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo nilikwenda na Riziki, tayari ana miaka saba, mrefu, anaelewa Kiswahili chote na kukujibu kwa Kiingereza chote. Jumapili asubuhi mwenyeji wetu akasema Shemasi amehamia hapo Buffalo, Grant Street, ni mgonjwa, anaishi na binti yake ghorofani juu ya duka la samaki wakavu na unga wa muhogo, na amesikia tupo. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu mzee akiwa mgonjwa na amesikia upo mjini, usipokwenda utaulizwa.

Alikuwa amekwisha. Masikio yalibaki yale yale lakini mtu katikati alikuwa amepungua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, na miguuni kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga aliokuwa akitemea makohozi, kisha anaufunika na kifuniko chake kwa uangalifu. Kila alipoufungua nilitazama barabarani. Mapafu, binti yake alisema, na akashuka dukani kutuletea soda. Dirishani palikuwa na kisahani cha maua ya waridi, na chumvi ndani.

"Baba Riziki," alisema. "Umekuja. Na huyu ndiye mutoto?"

Riziki alimwamkia vizuri, shikamoo yake yote, halafu akakisogelea kisahani. Akauliza kwa Kiingereza ni cha nini, nami nikatafsiri. Shemasi akachangamka kama siku za ghala. Akamweleza yote, pole pole: chumvi ya mawe, kijiko kimoja, uiache mpaka asubuhi, ikiwa mchanga, ikiwa imeshikana, ikiwa maji.

"Ikiwa maji?" Riziki akauliza, na safari hii kwa Kiswahili.

"Ikiwa maji, batu basilale humo."

Riziki akafikiri. Kisha akauliza kwa Kiingereza, na nikatafsiri kabla sijajua ninatafsiri nini: "Anauliza, je, ile nyumba yetu ya Louisville uliiwekea chumvi?"

Shemasi alifungua mkebe, akatema, akaufunika. Sikugeuza uso.

"Niliiwekea," akasema. "Siku mbili mbele ya nyinyi kufika."

"Ikawaje?" nikauliza mimi.

"Maji. Kisahani yote, maji."

Nilimwambia, "Ulijua."

"Nilijua. Supavaiza alikuwa anataka mutu Jumatatu. Wewe hukuwa na gari. Karibu na depo hakukuwa nyumba ingine. Donc nikamwanga ile maji, nikaosha kisahani, nikapika maharagi. Nikasema mutoto atazoea."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza habari za kijiko. Hakuomba msamaha. Alimwita Riziki kwa mkono, na kabla sijasema kitu akamgeuza, akaweka sikio lake kubwa katikati ya mgongo wake, akafumba macho na kusikiliza, vile vile alivyosikiliza mapipa. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono kumvuta mwanangu. Riziki alikuwa anacheka kwa sababu sikio lilimtekenya. Mzee alikaa hivyo muda mrefu.

"Iko kavu," akasema mwisho. "Mungu wangu. Iko kavu."

Tulipoaga alimfungia Riziki chumvi kwenye karatasi ya gazeti, ngumi nzima. Nilimpa mkono, kisha nikashuka nikanawa kwenye sinki la dukani mpaka binti yake akaniuliza kama kuna tatizo la maji.

Nilimchukia kutoka Buffalo mpaka Erie, bila kupumzika. Nilimchukia na vidole vyake, na mkebe wake, na maharagwe yake ya moto tuliyoyalia kwa shukrani. Baada ya Erie nikaanza kunusa kitu ndani ya gari. Nilifungua dirisha. Hakikuwa ndani ya gari. Ilikuwa ile harufu ya ngazi tatu za besimenti.

"Baba, tutaiweka wapi?" Riziki akauliza. Alikuwa ameshika karatasi yake mapajani.

Tulipoingia Columbus jua bado lipo, nikaipita njia ya nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwenye ile nyumba ya wageni Linden. Riziki alinisubiri mlangoni. Niliweka chumvi kwenye kifuniko cha chupa ya maziwa, nikakiacha kwenye sakafu ya chumba cha chini, pale ambapo watu wa Clintonville walikuwa wamekwisha kukisimamisha kitanda cha mtoto mchanga kwa agizo langu.

Jumatatu asubuhi nilirudi peke yangu kabla ya kazi. Kifuniko kilikuwa kimejaa maji hadi ukingoni, safi, hakuna hata chembe. Ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa na doa jeusi ukubwa wa sahani ambalo ningeliona wiki iliyopita kama ningeteremka ngazi ya nne. Nililipitishia kidole, na kidole kikawa kimefika puani kabla sijakizuia.

Ndege ya ile familia ilikuwa inatua saa kumi jioni. Nikakaa kwenye ngazi nikampigia Mama Riziki.

"Toa makochi sebuleni," nikamwambia. "Tandika magodoro."

"Ya nani?"

"Ya wageni. Watano."

"Si ulisema nyumba ni nzuri?"

"Nilisema uongo," nikamjibu. "Nilishaisikia harufu."